Uji Niliompa Sista Asubuhi ya Upasuaji

Nina umri wa miaka sitini na saba. Naishi peke yangu nje kidogo ya Mitunguu, katika nyumba ya vyumba vitatu, ambavyo mimi hutumia viwili. Mke wangu alishafariki. Binti yangu wa pekee, Kendi, ameolewa Mombasa na hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine sita simu yangu hukaa mezani, kimya.

Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika sijayasema kanisani wala kwenye baraza lolote. Mtacheka, najua. Mtasema, mzee mzima analia kwa sababu ya mbwa! Haya, chekeni. Hata mimi ningecheka kama mkasa ungekuwa wa mtu mwingine. Ila msiache kusoma katikati, kwa sababu siku ile sikupoteza mbwa peke yake.

Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mradi wa kunyunyizia mashamba. Huku kwetu kila shamba lina zamu yake. Mtu wa Jumatatu hapati maji Jumanne, hata awe nani. Niliwahi kumfungia ndugu yangu wa tumbo moja, migomba yake ikiwa imeinamisha majani kwa kiu, na mpaka leo ananisalimia shingo upande. Watu wakaniita Zamu. Nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Nawaeleza haya ili mjue kwamba mimi si mtu asiyejua maana ya masharti.

Sista alikuwa mbwa wa mke wangu, Gatwiri. Alimleta nyumbani ndani ya kikapu cha sokoni, kitoto cheusi mwili wote, ila usoni kina duara jeupe. Gatwiri alipomtazama alicheka, akasema huyu ni sista wa misheni kabisa, amevaa na kitambaa. Akina mama wa kwaya hawakulipenda jina hilo hata kidogo. Gatwiri akawajibu kwamba mbwa wake hasengenyi watu, kwa hiyo usista unamfaa kuliko wengine aliowajua. Alikuwa na mdomo, mke wangu!

Halafu Gatwiri akapata uvimbe kwenye titi...

Niseme ukweli wote. Aliugundua mapema, akaninyamazia. Aliponiambia, nami nikanyamaza pamoja naye, tukawa tunasema utapoa, labda ni jipu, labda ni baridi. Tulipofika hospitali, madaktari walitutazama kama watu waliochelewa. Wakasema apasuliwe haraka.

Hii ni miaka saba sasa. Tuliambiwa asile chochote tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Lakini asubuhi nilifika wodini nimebeba chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi. Ningewezaje kwenda mikono mitupu? Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kunywa uji. Anayekwenda sokoni hunywa, anayekwenda kortini hunywa, hata anayekwenda kuposa hunywa kwanza. Mama yangu mzazi alikuwa hafungui mlango mpaka aone kikombe chako kitupu.

Nesi aliiona ile chupa akanizuia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mwalimu. Akaniambia nikae na uji wangu, mgonjwa atakunywa akishatoka na kuamka vizuri.

Basi tukangoja. Siku hiyo walikuja majeruhi wa ajali, na zamu ya Gatwiri ikasogezwa. Mchana ukapita. Walipokuja kutuambia kwamba itakuwa kesho, saa ya chakula ilikuwa imekwisha na saa ya kufunga tena imekaribia. Alikula vijiko vichache vya wali uliopoa, akavitapika.

Asubuhi ya pili nilikuwa pale tena, na chupa yangu tena. Gatwiri aliigeukia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Baba Kendi," akaniambia, "nionjeshe hata kijiko kimoja."

Nilimkatalia. Mimi, Zamu, nilimwambia masharti ni masharti, avumilie kidogo. Wakaja wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu akapotelea mlangoni. Walipomfungua walikuta ugonjwa umeenea kila mahali. Hakurudi kwenye fahamu zake sawasawa, na siku ya tatu akatuaga. Hakuonja uji wangu... hata kijiko!

Nilirudi nyumbani na ile chupa bado ina uji wa asubuhi. Sikuweza kuunywa, sikuweza kuumwaga. Nikaumimina kwenye sahani ya bati ya Sista. Aliulamba wote, kisha akaja akalala juu ya viatu vyangu. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Kila asubuhi nikipika uji, nusu unaingia kikombe changu na nusu unaingia sahani yake. Hakuna asubuhi tuliyoruka, kwa miaka sita.

Na katika miaka hiyo sita, nilimchukia yule nesi. Nilichukia pia neno "kesho". Niliamini kwamba siku moja waliyotusogeza ndiyo iliyomuua mke wangu, na kwamba nilimnyima uji bure.

Sijui kama mnaujua upweke wa mtu aliyezoea kusemwa. Gatwiri alinisema kuhusu viatu vyangu, kuhusu redio, kuhusu namna ninavyokohoa kanisani. Alipoondoka, hakuna aliyejali viatu vyangu viko wapi. Nilianza kumwambia Sista mambo ya nyumbani. Nilimwambia dari inavuja, nikamwambia Kendi ana mimba, nikamwambia Kendi mimba imetoka. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nani mwingine alikuwa na muda wa kunisikiliza?

Labda mmoja tu, jirani yangu Muriungi, anayebeba ndizi kwa pikapu. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Jioni, akishashusha mzigo wake, alikuwa akipita kwangu tusikilize habari ya redio na kubishana kuhusu wanasiasa, ambao sote wawili hatuwapigii kura. Sista alikuwa akilala katikati yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa jamii yangu yote.

Kiangazi cha mwaka jana, nikimtoa Sista kupe, vidole vyangu vikagusa kitu karibu na chuchu ya nyuma. Kigumu, cha ukubwa wa punje ya njugu mawe. Nilikaa pale chini kwenye vumbi, nimeshikilia kile kitu, nisiweze kuinuka. Vidole vyangu vilikuwa vinakijua. Vilishakigusa kwa mtu mwingine.

Safari hii sikungoja upoe! Kesho yake tulikuwa Nkubu kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole anayeitwa Daktari Kinya. Alimpima Sista moyo, akampima uzito, akamtoa damu. Akaniuliza mara ya mwisho alipata joto la kutafuta dume lini, kama amewahi kuugua, kama kuna dawa anayotumia. Mwisho akaniambia uvimbe ni mdogo, haujatambaa, na mbwa ana moyo wa nguvu. Tukiutoa sasa, atakuwa na miaka yake mingine mizuri. Siku ya upasuaji ikapangwa Jumanne ya wiki iliyofuata.

Ningemkumbatia yule msichana. Miaka sita nilikuwa nikitamani mtu aniambie kwamba nimefika mapema.

Akaniandikia karatasi. Nimuogeshe siku moja kabla, akauke vizuri. Nisimpe dawa yoyote ya dukani bila kumwambia. Chakula cha mwisho ale jioni ya Jumatatu, kidogo, na baada ya hapo asile kitu. Maji anywe mpaka tutakapoondoka asubuhi. Nimfungie mahali ambapo hawezi kuokota mabaki. Nije na blanketi analolijua kwa harufu, kwa sababu akiamka atakuwa na baridi na woga.

Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Hakuna mahali nilipouliza kwa nini asile. Mimi si mtu wa kuuliza maswali, hasa nikielezwa jambo na mtoto wa umri wa Kendi. Nilidhani ni masharti ya hospitali tu, kama yale ya kuvua viatu mlangoni.

Jumatatu nilifanya kila kitu kama ratiba ya maji. Nilimuogesha saa nne, akakauka juani. Saa kumi na mbili jioni nikampa ugali kidogo na maziwa, nikaosha sahani, nikaiinua juu ya kabati. Nilimlaza ndani, chumba kile cha tatu, nikafagia sakafu nisije nikaacha hata punje ya githeri, iwe hindi au haragwe. Daktari Kinya akanipigia simu kunikumbusha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anaongea na Zamu. Muriungi alikuwa ameahidi kutupeleka kwa pikapu yake kabla hajaenda kupakia ndizi.

Kungekuwa na Mungu wa kusimamisha saa, angeisimamisha hapo...

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilipika uji wangu. Mkono una mazoea yake. Nilipima unga wa kawaida, maji ya kawaida, na ulipochemka nikaona nimepika wa watu wawili. Nilifungua mlango wa chumba cha tatu nimtoe Sista akajisaidie. Alikwenda nje, akarudi, akakaa mahali pake karibu na jiko. Akaitazama kabati ambako sahani yake ilikuwa. Kisha akanitazama mimi.

Hakubweka, hakulia. Alikaa tu, mkia unafagia sakafu polepole.

Nilimimina kikombe changu, nikashindwa kukinywa. Nilikuwa nasikia sauti ya Gatwiri. Hata kijiko kimoja, Baba Kendi. Nilimwambia Sista avumilie. Halafu nikajisikia nikisema maneno yaleyale, kwa sauti ileile niliyomwambia mke wangu.

Nikainua mkono, nikatoa sahani juu ya kabati.

"Kunywa, mama," nikamwambia. "Wewe hutakwenda na njaa."

Si kijiko, ndugu zangu. Sahani nzima! Aliulamba mpaka bati likang'aa. Na wakati ule, nawaambia ukweli, moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miaka sita. Nilihisi kama nimemlipa Gatwiri.

Lakini nilipomaliza kufurahi, nilichukua kitambaa nikamfuta Sista pua na ndevu zake mpaka zikakauka. Kwa nini nilimfuta? Mnajua kwa nini. Nami nilijua.

Muriungi alifika saa moja. Njiani alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja na kula andazi kwa mkono mwingine, ndiyo chai yake ya asubuhi. Sista alikuwa mapajani mwangu juu ya blanketi lake, kichwa kimeelekea dirishani. Makombo ya andazi yalianguka kiti kizima. Sikuyajali wakati ule, lakini yakumbukeni hayo makombo.

Daktari Kinya alitupokea vizuri. Alimpapasa Sista, akamsikiliza moyo tena. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote.

"Mzee, asubuhi hii amekula kitu?"

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi. Niliona meza, niliona taa imewashwa, vyombo vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani. Kila kitu kilikuwa tayari kwa ajili yetu. Nikajua nikisema ndiyo, huyu msichana atazima ile taa na kuniambia kesho. Kesho! Neno lile! Nilisubiri kesho mara moja katika maisha yangu, na kesho ikanirudishia maiti.

"Hajala," nikasema.

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mzee wa mvi, kofia mkononi, mtu wa kanisa. Akamchukua Sista kwa kamba yake. Sista alinigeukia mlangoni mara moja, mkia ukatikisika, akaenda.

Nilikaa kwenye benchi. Muriungi alikuwa nje anafuta kioo cha gari. Sidhani dakika ishirini zilipita. Nilisikia miguu ikikimbia ndani, kitu cha chuma kikaanguka, sauti ya Daktari Kinya ikiita msaidizi wake alete mpira wa kunyonyea. Kisha akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa glavu, na mkono wa koti lake ulikuwa na madoa. Madoa ya kahawia, mazito, rangi ya wimbi.

"Mzee, huyu alikula nini?"

Hapo, wasomaji wenzangu, Mungu alinipa nafasi ya pili. Nilikuwa naliona jibu limepakwa kwenye koti lake. Nikafungua mdomo, na mnajua kilichotoka?

"Labda aliokota kitu garini," nikasema.

Aliutazama mkono wa koti lake, akanitazama mimi. Akageuka, akarudi ndani haraka.

Sista hakuamka. Daktari Kinya alipotoka mara ya pili alikuwa amevua glavu. Alinieleza kwamba hakuwa amefika hata kumgusa kwa kisu. Baada ya dawa ya usingizi, Sista alitapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Walijaribu kuyanyonya, wakampa hewa, wakamkandamiza kifua kuamsha moyo... wapi! Alinipa pole. Alinikabidhi blanketi likiwa na uzito wake wote, na ule uvimbe mdogo bado uko mahali pake.

Nilitoka nje nimembeba. Muriungi aliona, akaacha kitambaa chake kikaanguka. Akauliza kimetokea nini. Nikamwambia daktari amesema alikuwa na kitu tumboni, na mbwa akipasuliwa hatakiwi kuwa na kitu tumboni. Niliishia hapo.

Uso wake ulibadilika.

"Woi, Baba Kendi," akasema. "Ni andazi yangu. Nilikuwa nakulia hapo karibu na yeye, na kipande kilianguka. Sikuangalia kama hiyo mbwa imeokota."

Nilikuwa nimesimama naye uso kwa uso. Ningesema neno moja tu. Nilinyamaza! Nilipanda gari nikanyamaza mpaka nyumbani, na yeye akidhani nimenyamaza kwa hasira. Alichimba kaburi yeye, chini ya migomba, udongo mgumu wa kiangazi, akinikataza kushika jembe. Kila baada ya majembe machache alisema, nisamehe mzee. Nami nilitikisa kichwa kama mtu anayesamehe.

Hebu fikirieni. Nilimwua mbwa wangu kwa mkono wangu, kisha nikamwachia rafiki yangu aombe msamaha.

Baada ya hapo Muriungi hakuja tena jioni. Nilisikia pikapu yake ikipita, ikipunguza mwendo mbele ya lango langu, kisha ikiongeza. Alikuwa na haya ya kuniona. Nami nilikuwa na haya ya kuonekana. Redio nilikuwa nikiiwasha nisikie watu, halafu naizima kwa sababu hakuna wa kubishana naye. Kendi alipiga Jumapili, nikamwambia. Akasema pole Baba, lakini ni mbwa tu, tafuta mwingine. Sikumlaumu. Hakujua hata nusu.

Usingizi ulinikimbia na chakula kikanishinda. Asubuhi napika uji wa wawili, nakunywa nusu, nusu inaganda kwenye sufuria mpaka jioni.

Wiki ya tatu, Jumamosi saa nane mchana, nilisikia pikapu imesimama langoni. Muriungi aliingia amebeba katoni ya mafuta ya kupikia. Hakuketi. Aliiweka chini mbele yangu, na ndani yake kitu kikakwaruza. Alikuwa mtoto wa mbwa, wa kahawia, masikio yameanguka. Alikuwa amemfuata mpaka Ishiara kwa jamaa wa mkewe, kwa sababu alisikia mbwa wa huko ni waaminifu.

"Sio ya kulipa," akasema. "Sista haiwezi kulipwa. Ni ya kuomba msamaha. Mimi tangu siku hiyo sijaweza kula andazi. Bibi yangu ameniuliza mpaka amechoka."

Kile kitoto kilinusa kiatu changu, kikalala juu yake. Juu ya kiatu changu, kama alivyofanya yule!

Sikuweza tena. Nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, tangu chupa ya chai ya Gatwiri mpaka kitambaa nilichofutia pua. Nilimwambia hakukuwa na andazi lolote, kulikuwa na sahani nzima ya uji, na nilijua hivyo tangu mwanzo, hata wakati anachimba.

Muriungi alisikiliza amesimama. Nilitamani anitukane.

"Ungekuja hata siku ya pili, mzee, ungeniambia," akasema. "Wiki tatu mimi naomba msamaha kwa Mungu kwa kitu sikufanya."

Akainama. Akamwondoa yule mtoto wa mbwa juu ya kiatu changu taratibu, akamrudisha ndani ya katoni, akaibeba, akaenda. Hakugongesha lango. Alilifunga vizuri, kama mtu anayefunga boma la mtu asiyemjua.

Jumatatu nilikwenda Nkubu peke yangu. Daktari Kinya alinikaribisha ofisini. Nilimwambia kwamba nilimdanganya mara mbili. Akasema anajua. Uji wa wimbi hauokotwi garini. Hakutaka kuniaibisha siku ile mbele ya maiti ya mbwa wangu.

Ndipo nikamuuliza lile swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Kwa nini asile? Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Dawa ya usingizi hulegeza mwili wote, hata koo. Ukiwa macho, chakula kikirudi unakohoa, unakitema. Ukiwa umelazwa na dawa huwezi kukohoa. Kinachopanda kutoka tumboni kinateremka kwenye mapafu, na hakuna kinachokulinda ndani yako. Akasema ni vivyo hivyo kwa mbwa, paka, na binadamu.

Na binadamu... Nilishika ukingo wa meza yake.

Yule nesi mnene! Miaka sita nilimlaani kwa kumnyima mke wangu kijiko cha uji, kumbe alikuwa amesimama kati ya Gatwiri na mikono yangu. Alikuwa anamlinda. Ugonjwa ndio uliomuua mke wangu, pamoja na miezi ile tuliyofichana. Ile asubuhi niliyomkatalia ndiyo asubuhi niliyofanya sawa, na ndiyo niliyokwenda kuirekebisha kwa Sista.

Nilimweleza daktari habari za Gatwiri, na lile neno kesho, na kwa nini nilidanganya. Alisikiliza, akatazama dirishani.

"Mzee," akasema mwisho, "ungeniambia tu amekula. Singekugombeza. Ningekuambia umrudishe nyumbani, uje naye Alhamisi."

Siku mbili, ndugu zangu. Siku mbili tu! Ule uvimbe ulikuwa mdogo, haukuwa na haraka yoyote. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Wasomaji wenzangu, mimi si daktari, siwafundishi udaktari. Nawaomba kitu kidogo tu. Ukiwa na mbwa au paka wa kupasuliwa, au mama yako, au mtoto wako, na umeambiwa asile, usimwonee huruma. Akikutazama, geuza uso. Akilia, lia naye, lakini sahani iache juu ya kabati. Uliza kwa nini, hata kama anayekueleza ni mdogo kwako kama bintiyo. Mwambie daktari kila kitu, dawa aliyoinywa, kitu alichookota, hata kama ni kombo la andazi. Na ikitokea umekosea, ukampa, basi sema! Sema palepale mlangoni, taa ikiwa imewashwa, uone aibu yako uimalize. Atakayekuambia urudi kesho anakupa kesho. Mimi niliambiwa kesho mara moja nikaichukia, na ya pili sikuingoja hata niambiwe.

Na kama umemwachia mwenzako abebe kosa lako, usimwache wiki tatu. Pikapu ya Muriungi bado inapita kila jioni. Haipunguzi tena mwendo langoni. Tukikutana kanisani ananisalimia kwa heshima, anauliza habari za Kendi, anaendelea na njia yake. Yule mtoto wa mbwa amekuwa mkubwa sasa, namwona nyuma ya gari amesimama juu ya ndizi, masikio yanapepea.

Sijachukua mbwa mwingine. Karatasi ya Daktari Kinya bado iko ukutani, juu ya jiko. Sahani ya bati nimeiacha juu ya kabati. Asubuhi naamka, nawasha moto, nachukua unga wa wimbi. Na mpaka leo sijajua kupima uji wa mtu mmoja.